Siku Ulipozishindanisha Redio Mbili

Kwako Baba,

Shikamoo. Najua marahaba sitaisikia, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia, mkono wenyewe ungekataa kuandika. Mama hajambo, ila kifua tu. Athumani hajambo. Watoto hawajambo wote watatu, na huyu mdogo uliyemwacha tumboni ndiye tuliyempa jina lako. Kumwita Hizza siwezi, naona haya kulitamka jina lako hivi hivi. Namwita Baba. Akinikojolea mgongoni nasema, "Baba, ndiyo nini sasa?" na watu sokoni wanageuka kutazama.

Nimekaa kukuandikia kwa ajili ya Mama. Baba Mdogo ameandikishwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa kule chini, ng'ambo ya barabara ya Mazinde. Amepewa kiwanja na shamba, na sasa anataka Mama ashuke naye. Anasema mjane wa kaka yake hawezi kuachwa peke yake mlimani. Anasema wewe mwenyewe ndivyo ungetaka. Mama hataki. Amekwisha sema hataki, lakini amesema kwa sauti yake ile ya jikoni, ambayo wanaume huwa hawaisikii. Mimi nataka abaki huku karibu yangu. Tatizo ni kwamba kwangu ni kwa mkwewe, na wewe unatujua Washambaa: mama mkwe na mkwe wake hawakai boma moja, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Kwa hiyo Baba Mdogo ana ndugu, ana mila, ana serikali. Mimi nina nini? Ijumaa baada ya sala wazee watakaa uani kwako kuamua.

Barua hii sitaifunga. Baba Mdogo akitaka asomewe, asomewe. Kila anapofungua kinywa siku hizi anakutaja wewe, "marehemu kaka angetaka hivi, marehemu kaka angesema vile," na huyo marehemu kaka anayemtaja mimi simjui. Anafanana na mwenyekiti. Mimi baba ninayemjua ni yule aliyezishindanisha redio mbili siku niliyokuwa naposwa.

Unakumbuka? Uhuru ulikuwa bado mpya. Redio huku kwetu ilikuwa moja tu, ya dukani, na mwenye duka hakupenda watu wasimame barazani bure. Sharti ununue kitu. Ndiyo maana nyumbani kwetu hatukukosa viberiti. Mama alikuwa akihesabu maboksi juu ya kabati anasema, "Baba Zaina, huu moto wote unataka kuchoma nini?" Na wewe ulikuwa ukijibu, "Nimesikiliza taarifa ya habari, mama, sikununua kiberiti."

Basi mwaka ule wakaja wawili. Wa kwanza Rajabu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mkonge kule Mazinde. Wa pili Athumani, mkulima wa kabichi wa ng'ambo ya bonde letu. Wote wawili walitanguliza washenga kwa adabu, wote wawili wakaja kukulimia siku moja moja kama desturi inavyotaka, na wote wawili, sijui walijuaje, walikuja na redio mpya.

Ya Rajabu ilikuwa sanduku la mbao, mbele ina kitambaa kinachong'aa. Aliipandisha mlima mzima kichwani, juu ya kata ya majani ya mgomba, kama mwanamke anayetoka mtoni, wala hakuona haya. Hilo nilimpendea, sikatai. Ya Athumani ilikuwa ndogo, imevishwa mkoba wa ngozi wenye matundu, mtu anaining'iniza begani anatembea inaongea. Rajabu alipolima aliiweka yake juu ya kisiki. Athumani alipolima aliitundika yake kwenye tawi. Na wewe, Baba, siku zote mbili ulikwenda shambani kukagua kazi ya mkwe, ukarudi nyumbani hujui hata kama jembe lilikuwa na mpini.

Mama alikuuliza, mimi nikiwa nyuma ya mlango, "Kijana analimaje?"

"Inashika vizuri," ukasema. "Lakini inakula betri."

"Baba Zaina, wale wamekuja kuposa."

"Najua."

"Basi mbona unauliza betri?"

"Kwani betri haziulizwi?"

Wiki ile huko nyumbani hakukuwa na mazungumzo mengine. Ulisema ya Rajabu sauti yake ina kifua, kama mtu mzima aliyeshiba. Ukasema ya Athumani ni nyepesi, haichoki haraka, na betri nne tu zinaitosha wakati ile nyingine inameza nane kama ng'ombe. Lakini ya Athumani inakohoa. Na inashika Mombasa hata ukiikataza. Shangazi Mwanahamisi, dada yako, akakwambia, "Hizza, wewe unaoza binti au unanunua?" Ukamjibu kwamba mtu hawezi kusema ipi ni redio kwa kuzisikiliza siku mbalimbali, moja ikiwa na taarab, nyingine na hotuba. Lazima zisikilizwe pamoja, kituo kimoja, jambo moja, saa ileile. Na jambo lenyewe likapatikana. Jumamosi timu ya mkoa wetu ilikuwa inacheza Dar es Salaam, na mpira ungetangazwa.

Ukawaita wote wawili. Hakuna baba huku milimani aliyewahi kufanya hivyo, kuwaweka wanaoposa msichana mmoja kwenye ua mmoja. Mama alitaka kulia. Lakini walikuja, na majirani wakaja, hata wasiojua mpira una miguu mingapi walikuja.

Ulizipanga juu ya vigoda viwili, chini ya upenu, bega kwa bega. Ukawaambia, "Washeni." Wakawasha. Na zile redio, badala ya kusema, zikaanza kupigiana mluzi. Ukiisogeza hii inapiga mluzi, ukiigeuza ile inajibu. Wewe unazunguka umeinama, kanzu umeifunga kiunoni, unazisemesha kama mbuzi waliogoma kuingia zizini. Mzee Kaniki, mtani wako, akapiga kelele kutoka ukingoni:

"Hizza! Hizo zimeposa binti mmoja, zitapatana wapi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi huko nyuma ya jiko niliufunika uso kwa kanga nikabaki kumenya ndizi bila kuziona.

Mpira ulikuwa umekwisha anza. Ndipo ukaamua zitenganishwe. Sanduku likabaki uani kwa wanaume. Mkoba ukaletwa na mtoto mpaka kwetu wanawake, nyuma ya jiko, ukatundikwa kwenye kipande cha ua. Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo hukulifikiria. Mama alikuwa pale. Na pale alipo Mama, Athumani hawezi kufika. Redio ilikwenda, mwenyewe akabaki.

Wengine wangekwenda kukaa uani wakasikilize sanduku. Yeye alizunguka akasimama nyuma ya ghala la mahindi, ametupa mgongo, ili redio ikisumbua aelekeze. Ikasumbua. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na redio ndogo ikiona ukungu inanong'ona.

"Zaina," akaniita kutoka huko, hageuki. "Mwambie Mama azungushe kidogo mkono wa kulia."

Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anasikia kila neno. Akatazama juu. "Mwambie nimezungusha."

"Mama anasema amezungusha."

"Mwambie azungushe pole pole, kama mtu anayetia chumvi."

"Mwambie huyo mtu," Mama akasema, "mimi nilianza kutia chumvi yeye hajazaliwa."

Nikasikia anacheka peke yake nyuma ya ghala. Halafu akauliza, sasa ni mimi anayeniuliza, "Mpira uko wapi?"

Mimi nilikuwa najua nini? Nilisikiliza nikamjibu, "Uko kwa mtu anaitwa Kona."

"Kona siyo mtu, Zaina."

"Basi yeye ndiye ameupiga."

Ndivyo tulivyokwenda. Anauliza, ninajibu ninavyojua mimi, Mama anasahihisha. Kwa sababu Mama, Baba, Mama alikuwa amekwisha weka kisu chini. Sikio lake lilikuwa kwenye matundu ya ule mkoba na mkono kwenye kile kidude cha kuzungushia, na ukungu ukija anazungusha huku, ukipita anarudisha. Hakuna aliyemfundisha. Miaka yote ya viberiti vile hajawahi kufika kwenye baraza la duka, mwanamke atasimama vipi pale, na kumbe alikuwa na hamu.

Na wewe huko ulikuwa mbioni. Unasikiliza uani, unakuja jikoni kupima, unarudi uani. Kila ukifika unatoa taarifa ambayo hatukuiomba. "Ile namsikia mtangazaji mpaka anavyomeza mate." Unaondoka. Unarudi. "Ile nimekwenda nayo mpaka kwenye mpeasi bado nasikia jina la mchezaji. Hii ukifika kwenye mpeasi unasikia kuna mpira, hujui ni wa nani." Shangazi akakwambia, "Kaa basi uangalie mpira wako." Ukasema siyo kuangalia, ni kupima.

Hivyo bao lilipoingia wewe ulikuwa katikati ya njia, uani hujafika, jikoni umeshaondoka. Kelele zikatoka pande zote mbili. Nilikuona, umesimama karibu na mpeasi, mikono imetanda. "Nani kafunga? Nani kafunga?" Ukakimbilia uani, wanaume wamekumbatiana, Rajabu amelishika sanduku lisiangushwe na anakunyamazisha kwa mkono ili asikie marudio. Ukakimbilia kwetu. Shangazi anacheza.

"Limeingia!"

"La nani?"

"La mpira!"

Ni Mama aliyekujibu. Alisema bila hata kukutazama, bado ameinamia ule mkoba: "Letu. Kipa wao ametoka mapema mno, akateleza. Amepigiwa juu."

Ukasimama pale, Baba. Nadhani ulisahau redio kwa muda kidogo. Ulimtazama Mama kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kuna chumba ambacho hakuwahi kukifungua. Halafu ukachuchumaa kando yake, ukamwuliza polepole, "Juu upande gani?" Na yeye akakwambia.

Jioni ukatoa hukumu mbele ya watu wote. Ulisimama, ukaeleza mambo ya betri, mambo ya ukungu, mambo ya uzito kwa mtu anayepanda mlima. Ulikuwa wa haki kabisa. "Redio ni ya Rajabu," ukasema. "Nyingine ni nzuri kwa safari. Lakini ya Rajabu ndiyo redio." Rajabu akainuka, uso unang'aa, akadhani na mengine yamekwisha. Ukamwonyesha kwa kiganja akae. "Mwanangu, mimi nimepima redio. Mimi siwezi kumpimia mtu mume."

Kesho yake Shangazi akaja kuniuliza, kama shangazi wanavyouliza, tukiwa tumekwenda kuokota kuni. "Unamtaka wa sanduku au wa mkoba?"

"Wa mkoba."

"Ule unaokohoa?"

"Huohuo."

"Baba yako atalia."

Hukulia. Ulikuna kidevu, Shangazi alinisimulia, ukasema, "Haya. Mpira tutausikia kwa kikohozi." Na neno jingine hukuongeza, wala hukuniita kunishawishi, wakati wenzangu waliambiwa tu siku ya harusi ni lini. Rajabu naye nisimseme vibaya. Hakununa. Ulipofariki alipanda mlima na unga na sukari, akakaa mpaka hitima.

Nimeandika yote haya kwa sababu watu wamekufanya mtu wa kutoa amri. Wewe ulikuwa na maoni juu ya kila kitu, hakuna aliyekushinda kwa maoni, lakini amri zako naweza kuzihesabu kwenye mkono huu ulioshika kalamu. Nilipohamia kwa Athumani ulikuwa unakuja kila siku ya mpira, umeweka mfukoni betri ulizozipasha jikoni kwa sababu huku juu jua la kuanikia betri hakuna. Moja ilivuja kwenye majivu ya Mama akakufukuza na mwiko. Unafika, unakaa, unasema, "Haya, muwasheni mgonjwa." Mwaka mzima wa kwanza hukuiita redio.

Na Mama pia alikuja. Hili Baba Mdogo halijui, au analijua anajifanya hajui. Alikuwa hafiki nyumbani. Anapita njia ya juu, anakaa kwenye tuta la maharage juu ya nyumba yetu, ametupa mgongo. Athumani akijua Mama amefika anaiweka redio dirishani inatazama mlimani, anatoka, anashuka zake mpaka kwenye kabichi. Unakumbuka alivyokuwa akiuliza kutoka huko chini? Mwenye redio anasikiliza mpira wake kutoka kwenye kabichi, mimi napeleka maneno juu na chini, na wewe ndani unaona raha peke yako kwenye kiti chake. Miaka yote ile hawajawahi kutazamana usoni, Mama na mkwewe, na sijui watu wawili wanaojuana kama wale.

Ulipougua ulimwomba Athumani akuletee ile redio kitandani. Ukaisikiliza kidogo, macho umefumba.

"Bado inakohoa," ukasema.

"Na wewe unakohoa, Baba," nikakwambia.

"Basi leo tumelingana."

Nilitoka nje nikalia kwenye mpeasi. Ndani nilikuwa nacheka.

Niishie hapa kwa sasa. Mtoto ameamka, wa katikati amemwaga unga, na mgongo wangu tangu asubuhi haujanyooka. Siku hizi nachoka uchovu ambao sikujua upo. Nalima, nachota maji, nanyonyesha, nafunga kabichi za lori, na nikikaa nasahau nilikaa kwa ajili gani. Kusema ukweli wote, simtaki Mama kwa ajili ya Mama tu. Namtaka na kwa ajili yangu. Hilo nalo nitawaambia wazee, sitajificha nyuma ya kifua chake.

*

Baba, naendelea. Ijumaa imepita.

Walikaa uani kwako, wazee wote, na Baba Mdogo kwenye kiti chako. Alisema vizuri, sitasema uongo. Alisema kule chini kuna bomba, kuna shule inajengwa, zahanati itakuja, lori linafika mlangoni. Akasema, "Shemeji yangu ni mtu mzima. Atakaa hapa amtazame nani? Ukungu?" Watu wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa na Shangazi upande wa wanawake, mtoto yuko titini. Nikamwambia Shangazi aniombee nafasi. Akaniombea.

Nikasema, "Shikamooni wazee. Baba Mdogo, ulivyosema ni kweli, na huko uendako Mungu akubariki. Lakini Mama kifua chake na joto la chini havipatani, na malaria ya kule mnaijua. Halafu mimi nina watoto watatu na mikono miwili. Nataka mama yangu abaki."

"Abaki wapi?" Baba Mdogo akauliza. "Kwa mkwewe?"

Mzee Kaniki naye, ambaye huwa hana neno la maana, leo akalipata: "Mama mkwe boma moja na mkwe! Tutaitwaje huko mabondeni?"

"Mtaitwa majirani," nikamwambia. "Kwa sababu hakai boma langu. Nyumba yake iko tuta la juu, kwenye maharage. Ina jiko lake. Mlango unatazama msituni, na njia yake inapita kwako, mzee Kaniki, haipiti kwangu. Hata kanga yake ikianikwa Athumani hataiona."

"Nyumba ipi hiyo?"

Ndipo wakajua. Athumani alikuwa amekwisha sawazisha kiwanja na kusimamisha miti, jiko na mlango, kidogo kidogo, akitoka shambani. Sikukuandikia habari hiyo mapema kwa sababu barua ilikuwa wazi. Hakuniomba nishukuru. Siku ile ya kikao hata kuja hakuja, kwa kuwa Mama alikuwepo.

Baba Mdogo uso ulibadilika. "Zaina, unanifundisha mimi?"

"Sikufundishi, baba yangu. Nakwambia."

Watu wote wakageuka kunitazama, kama wanaosubiri mtu apigwe. Na sauti ikatoka jikoni. Siyo ile ya jikoni niliyokwambia. Nyingine, ambayo sijawahi kuisikia, imenyooka mpaka ukingoni mwa ua.

"Shemeji," Mama akasema, "kaka yako alinihamisha kwa mahari, nikakubali. Wewe unataka kunihamisha kwa lori. Mimi nimekwisha hamishwa mara moja. Inatosha."

Hakuna aliyecheka, ingawa Mzee Kaniki alijifunika mdomo. Wazee wakanong'onezana, na mkubwa wao akasema mwenyewe amesema, tutamfunga kamba? Abaki. Tuta liwe lake, mkwe aichonge njia ile kabla mvua hazijaanza.

Baba Mdogo akasimama. Akasema mbele ya wote, "Sawa. Siku atakayougua msinitafute."

Ilinichoma, Baba. Ni mdogo wako, mmeachiana ziwa moja. Nilimtazama nikajua kwamba yeye anaogopa kushuka huko peke yake, kwenye joto, katikati ya watu asiowajua, na Mama angekuwa kitu cha nyumbani cha kwenda nacho. Lakini mama yangu siyo kitu cha kwenda nacho. Nikamwambia, "Tutakutafuta, Baba Mdogo. Ukikataa kuja, hilo litakuwa lako." Aliondoka bila kula. Lori lilipowachukua wanaoshuka nilikwenda barabarani na watoto kumuaga, na mfuko wa mapeasi. Mapeasi aliyapokea. Mimi hakunitazama.

Sijui kama nimefanya kama ambavyo wewe ungefanya. Pengine ungeona njia ya kumfanya acheke kwanza. Mimi sina kipaji hicho, mimi nikishasema nimesema. Nimempoteza ndugu yako kwa muda, na nitamwendea mwenyewe, mpunga ukivunwa huko chini, nikalale kwake siku mbili nimpikie mpaka anune amalize. Lakini uamuzi siurudishi.

Mama amehamia juzi. Alikuja na vyungu vyake kwa njia ya kwa kina Kaniki, polepole, Shangazi mbele na mkeka kichwani, anamtania kwamba anaolewa upya. Athumani alikuwa amekwenda kukata nyasi mbali kabisa, amekwenda mapema bila kuambiwa. Leo asubuhi Mama akaniita kutoka juu, akashuka mpaka mwisho wa maharage, akanyoosha mikono. Nikampa mtoto. Akamfunga mgongoni, wajina wako, akaniambia, "Na hao wawili waje. Wewe nenda kalale mpaka nikuite."

Baba, tangu niolewe hakuna aliyeniambia hivyo. Nimesimama pale kwenye maharage nisijue miguu inakwenda wapi. Nyumba ni tupu, moto umefunikwa, hakuna anayenivuta kanga. Nimekaa nimalize kwanza barua yako, lakini herufi zimeanza kupanda mlima na macho hayanisikii. Mungu akulaze pema. Nakuaga, nakwenda kulala mchana kweupe kama mtoto mwenye mama yake.

Binti yako wa kwanza,
mama wa wajina wako